Kwa nini sehemu isiyonyeshewa ndiyo iliyotangulia kushika kutu, na ni rangi gani inayodumu juu ya bati?

#1 MkaziWaMjimwema

Habari za leo wanajukwaa. Nyumba yangu iko Mjimwema, Kigamboni, mahali ambapo kusi ikivuma unaonja chumvi midomoni. Paa kubwa lina mabati ya rangi, na baraza la mbele limeezekwa kwa mabati meupe ya zinki, yale ya migongo midogo. Hayo meupe yameanza kushika kutu, lakini kwa mpangilio usioniingia akilini. Ukingo wa nje wa baraza, ambao hupigwa na mvua na jua bila kizuizi chochote, bado ni wa kijivu na hauna doa, ilhali sehemu ya ndani, iliyo karibu na ukuta na kufunikwa na upenu wa paa kubwa, ina mabaka mekundu, na vichwa vya misumari vimeliwa.

Siku zote nimeambiwa kwamba adui wa bati ni maji. Sasa mbona palipo pakavu ndipo panapooza?

Swali la pili linahusu tiba. Jirani yangu alipaka mabati yake meupe rangi ya mafuta ya gharama kubwa, na kabla masika hayajaisha ilikuwa ikibanduka vipande vyenye ukubwa wa kiganja. Sitaki kurudia gharama hiyo. Je, ipo rangi inayodumu, au kupaka paa lililokwisha kushika kutu ni kutupa fedha?

#2 Nahodha_Kilifi

Jibu la swali la kwanza ni rahisi, bwana. Upepo wa bahari hubeba chumvi na kuilaza juu ya bati lote, pande zote. Panaponyeshewa, mvua huiosha. Panapofunikwa na upenu, hakuna wa kuiosha, kwa hiyo inarundikana mwezi baada ya mwezi. Chumvi ina tabia ya kunyonya unyevu wa hewa hata siku ambayo hakuna tone la mvua, na hivyo bati unaloliona kavu huwa limelowa maji ya chumvi usiku kucha. Huku kwetu Kilifi hata milango ya chuma ya gereji huanza kuoza sehemu ya juu, chini ya upenu, wala si chini inakorushiwa maji.

Chukua mpira wa maji baridi, osha sehemu hiyo mara kwa mara, hasa msimu wa kusi. Hiyo ndiyo rangi ya kwanza.

#3 DukaLaVifaa

Nawaheshimu wote, lakini tatizo la watu wa pwani ni ubahili. Wanakuja dukani wanachukua bati jembamba la geji 28 ili kubana matumizi, kisha wanalaumu bahari. Chukua geji 32 na uishi kwa amani.

#4 Mkemia_Mstaafu

DukaLaVifaa, natumaini wateja wako hawasomi hapa. Namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba, kwa hiyo geji 32 ni jembamba kuliko geji 28. Umeigeuza.

Lakini hata ukiirekebisha, geji inakuambia unene wa bati tu. Kinachozuia kutu ni tabaka la zinki lililo juu ya chuma, na hilo lina kipimo chake. Ukiona limeandikwa Z100, maana yake ni gramu 100 za zinki kwa kila mita moja ya mraba, kwa pande zote mbili za bati zikijumlishwa. Kila upande basi una gramu 50, ambazo ni unene wa takribani mikroni 7 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Z275 ina takribani mikroni 19 kila upande. Mabati mawili ya geji moja, yanayofanana kabisa kwa macho, yanaweza kutofautiana hivyo.

Sasa pima dhidi ya bahari. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 kinagawanya mazingira kwa ukali wake. Katika kundi la C3 zinki hupotea kati ya mikroni 0.7 na 2.1 kwa mwaka. Katika C5, ambalo linajumuisha maeneo mengi ya ufukweni, ni kati ya 4.2 na 8.4. Mikroni 7 katika C5 ni mwaka mmoja au miwili, basi. Baada ya hapo chuma kinabaki uchi, na kutu nyekundu inaanza.

#5 MhandisiMtulivu

Hesabu ya Mkemia ni sahihi isipokuwa jambo moja: viwango hivyo vya ISO 9223 ni vya mwaka wa kwanza. Miaka inayofuata zinki hupungua kwa kasi ndogo zaidi, kwa sababu juu yake hujijenga utando wa kijivu unaotokana na hewa ya ukaa na unyevu. Utando huo ndio ulinzi wenyewe. Unahitaji kulowa na kukauka, kulowa na kukauka, ili ujijenge vizuri, jambo linalotokea kwenye ukingo wa nje wa baraza la mwenye uzi na halitokei chini ya upenu. Kwa hiyo namuunga mkono Nahodha, lakini kwa sababu mbili badala ya moja.

Niongeze kuhusu mabati ya mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, kwa kuwa wengi hudhani gramu zake chache ni udanganyifu. Mchanganyiko huo una asilimia 55 za aluminiamu kwa uzito, asilimia 43.4 za zinki na kiasi kidogo cha silikoni. Uliingia sokoni Marekani mwaka 1972. Aluminiamu ni nyepesi, kwa hiyo AZ150 yenye gramu 150 inatoa takribani mikroni 20 kila upande, sawa na Z275, na katika hewa ya bahari hupotea polepole kuliko zinki tupu.

#6 DukaLaVifaa

Sawa, geji nimeigeuza. Ila mteja haulizi Z wala AZ, mteja anauliza bei.

#7 FundiRangi_Tanga

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mpaka rangi, na ninajibu swali la pili, ambalo naona mmelikimbia.

Rangi ya jirani imebanduka kwa sababu ya fundi. Bati jipya linatoka kiwandani likiwa na mafuta mepesi ya kulikinga lisiingie ukungu mweupe likiwa limerundikwa. Fundi asipoliosha kwa sabuni na maji, anapaka juu ya mafuta hayo. La pili, anapanda juu saa saba mchana, bati linaunguza, rangi inakauka juu kabla haijashika chini. La tatu, anaongeza tina nyingi ili kopo moja litoshe paa zima. Kwa mambo hayo matatu hakuna rangi itakayokaa, hata iwe ya namna gani.

#8 Mkemia_Mstaafu

Marahaba, fundi. Yote uliyosema ni kweli, lakini hata jirani angepata fundi bora kuliko wote pwani nzima, kuna uwezekano mkubwa rangi ile ingebanduka. Rangi nyingi za mafuta zina asidi za mafuta ya mimea ndani yake. Zikikutana na zinki na unyevu, zinageuka kuwa sabuni. Ni sabuni halisi kikemia, utando mwembamba unaotokea katikati ya bati na rangi, na juu ya sabuni hakuna kinachoshika. Ndiyo maana inatoka kwa vipande vikubwa, na ukigeuza kipande unakuta upande wa chini laini, na bati lililo chini yake bado ni jeupe.

Juu ya zinki inafaa rangi ya akriliki ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mabati, au kwanza praima maalumu ya mabati ya zinki kisha rangi yoyote inayokubaliana nayo.

#9 FundiRangi_Tanga

Mzee wangu, hapo unanipa mtihani. Kuna paa la mabati meupe ya zamani hapa Raskazone nililipaka rangi ya mafuta juu ya praima nyekundu ya kuzuia kutu, nami hulipita kila wiki, na rangi bado imeshika. Sabuni yake iko wapi?

#10 MhandisiMtulivu

Fundi, huenda zinki yake ilikuwa imekwisha. Bati la zamani lililoliwa mpaka likawa la kahawia ni chuma tupu kwa sehemu kubwa, na juu ya chuma rangi ya mafuta haina ugomvi. Shida kubwa ni paa kama la mwenye uzi, lenye nusu zinki na nusu kutu, kwa sababu sehemu hizo mbili zinahitaji matayarisho tofauti.

#11 FundiRangi_Tanga

Matayarisho ni yale yale: brashi ya waya na msasa mpaka bati ling'ae lote.

#12 MhandisiMtulivu

Tafadhali usifanye hivyo kwenye sehemu nzima. Zinki ni mikroni chache tu, na ukiisugua kwa brashi ya chuma mpaka ing'ae, unaondoa kwa mkono kile ambacho bahari ingehitaji miaka kukiondoa. Sugua kutu peke yake. Zinki iliyo hai ioshwe kwa maji, sabuni na brashi ya nailoni, isuuzwe vizuri, basi.

#13 MwanaGoma

Salamu kutoka Goma. Nimesoma kwamba mvua inaosha na kulinda bati, nami naomba kutokubali, kwa sababu kwetu mvua ndiyo inayokula. Sisi hatuna bahari wala chumvi. Tuna Nyiragongo na Nyamulagira. Moshi wa volkano una gesi ya salfa, unachanganyika na mawingu, na mvua inashuka ikiwa na asidi. Utando wa kijivu ambao mhandisi anausifu hauwezi kusimama mbele ya asidi. Unayeyuka na kuondoka na maji. Vijiji vilivyo upande wa magharibi wa mlima, unakoelekea moshi mara nyingi, vinabadilisha mabati mapema mno, na kutu inaanza palepale mvua inapogonga. Chini ya upenu ndipo bati linapobaki jipya. Watu wengi wanaikumbuka milipuko ya Januari 2002 na Mei 2021, lakini moshi wa siku za kawaida ndio unaotumalizia mapaa.

Kwa hiyo kabla ya kumwambia mtu apake nini, muulizeni kwanza hewa yake ina nini.

#14 Nahodha_Kilifi

MwanaGoma, nimekuelewa na nimenyamaza. Ila Kigamboni hakuna volkano.

#15 BintiMkunazini

Naomba kuuliza kutoka Unguja. Nyumba yetu ni ya Mji Mkongwe, zile ambazo zamani zilikuwa na paa la bapa la boriti na chokaa, kisha mabati yakaja kuwekwa juu yake. Maji ya mvua tunayakinga kwenye tangi na tunayatumia jikoni. Fundi mmoja anatushauri tupake lami iliyochanganywa na unga wa aluminiamu, anasema haipiti kutu wala maji. Je, ni salama?

#16 Mkemia_Mstaafu

Dada, kwa paa la kukinga maji ya kunywa singetumia lami. Jua huikausha, inapasuka, na vipande pamoja na kemikali zake vinaishia kwenye tangi. Pia ikipasuka inashika maji chini ya nyufa, na kutu inaendelea pale usipoiona. Tumia rangi ambayo mtengenezaji ameandika wazi kwamba inafaa kwa paa la kukinga maji, na mwache maji ya mvua za mwanzo baada ya kupaka yapite nje ya tangi. Kuhusu praima nyekundu za zamani, kumbukeni kwamba baadhi zilikuwa na madini ya risasi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ni sehemu 90 kwa milioni. Kama paa lenu lina rangi nyekundu ya miaka mingi, msiikwangue ikiwa kavu, maana vumbi lake ni sumu kwa watoto.

#17 MkaziWaMjimwema

Ahsanteni. Nimepanda ngazi kutazama kwa karibu, na kuna mambo ambayo sikuyaeleza mwanzoni kwa kutojua kwamba yana uzito. Mabati ya rangi ya paa kubwa yaliwekwa baadaye sana kuliko ya baraza, na hatukuweka gata, kwa hiyo maji yote ya paa kubwa yanadondoka juu ya mabati ya baraza. Pale yanapodondokea pana mstari wa kutu ulionyooka kabisa. Kati ya mstari huo na ukuta ndipo penye mabaka. Papi za baraza ni mbao za dawa, zile za rangi ya kijani kutoka Mafinga, na baadhi ya mabaka yamekaa sambamba na papi. Tena ukuta ulipigwa lipu upya baada ya baraza kuezekwa, na naona madoa ya saruji kwenye bati.

#18 MzeeWaGata

Nilikuwa nasoma tu, lakini mstari ulionyooka umenitoa mafichoni. Maji yanayopita juu ya paa la zinki yanachota zinki kidogo njiani, na yakifika chini yameshashiba. Maji yanayopita juu ya paa la rangi hayachoti kitu. Yanafika kwenye bati lako jeupe yakiwa na njaa, tena yote yanagonga mstari mmoja. Ndiyo maana mafundi wa gata tunakatazwa kufunga gata la zinki tupu chini ya paa la rangi au la aluminiamu na zinki: gata huoza kabla ya paa kufifia. Weka gata lililopakwa rangi kwenye upenu wa paa kubwa, upeleke maji pembeni. Bila hilo, rangi yoyote utakayopaka kwenye mstari ule itakuwa na kazi ngumu.

#19 Nahodha_Kilifi

Mstari nakubali ni wa gata. Lakini mabaka yako ndani ya mstari, mahali maji yasipofika. Hayo bado ni ya chumvi.

#20 MamaKenchi

Si lazima. Mimi ni mkandarasi mdogo Bagamoyo, na mabaka yanayofuata papi nimeyaona mara nyingi. Dawa ya mbao za kijani ina shaba ndani yake, pamoja na kromiamu na aseniki. Mbao ikipauliwa ikiwa bado mbichi, au ikipata unyevu wa usiku, shaba inagusana na zinki na kuila, kuanzia upande wa chini. Kutu unayoiona juu imeanzia chini. Siku hizi tunasubiri mbao zikauke, na tunatandika ukanda wa plastiki nzito juu ya kila papi kabla ya bati. Misumari nayo isiwe ya kawaida, iwe yenye zinki nene na mpira wake, au skrubu za mabati.

#21 MhandisiMtulivu

Tusisahau lipu. Saruji mbichi ni alkali kali, nayo inashambulia zinki na inashambulia aluminiamu zaidi. Madoa yaliyodondoka na kuachwa yakauke huacha alama zinazotangulia kutu. Mkazi, je, mabaka yako karibu na ukuta kuliko karibu na mstari?

#22 MkaziWaMjimwema

Mengine yako karibu na ukuta, mengine kwenye papi, na misumari imeliwa kote. Inaonekana kila mmoja wenu ana baka lake.

#23 DukaLaVifaa

Chumvi, papi, lipu, gata. Nilisema geji mkanicheka.

#24 MamaKenchi

Tukicheka tutakuja kununua kwako, usijali. Mkazi, kabla ya kununua kopo la rangi, chukua bisibisi uisukume kwa nguvu ya kawaida kwenye kila baka. Ikipenya, bati hilo haliokoleki, libadilishwe. Rangi haijazi tundu, na fundi akikanyaga hapo atatokea sebuleni. Bati jipya likatwe kwa mkasi wa bati, si kwa grainda, maana cheche za grainda ni chembe za chuma zenye moto zinazojichimbia kwenye tabaka la juu na kuota kutu ndani ya siku chache.

#25 FundiRangi_Tanga

Tukubaliane basi utaratibu wa yale yanayookoleka. Osha chumvi yote kwanza, hasa chini ya upenu. Sugua kutu kwa brashi ya waya, nami nimekubali kuiacha zinki nzima. Kwenye chuma kilichobaki uchi, praima yenye fosfeti ya zinki. Anza kwa brashi ndogo kwenye vichwa vya misumari, kingo na maungio ya bati na bati, ndipo upake eneo lote, kwa sababu rangi hukimbia kingo na kuziacha nyembamba. Kisha akriliki mikono miwili. Naona watu wanataka kuruka praima wakatumie rangi yenye unga wa zinki. Hiyo inafanya kazi ikigusa chuma safi tu. Juu ya kutu ni rangi ya kawaida yenye bei isiyo ya kawaida.

Na apake saa ngapi? Umande ukishakauka, kabla bati halijawa la kuunguza. Apake baada ya masika, Juni na kuendelea.

#26 Nahodha_Kilifi

Juni ndiyo kusi yenyewe inapiga! Utapaka juu ya chumvi mpya kila siku. Mimi ningengoja Januari na Februari, wakati wa kaskazi.

#27 FundiRangi_Tanga

Januari bati linakuwa moto saa tatu asubuhi, na kaskazi nayo inatoka baharini vilevile. Osha alfajiri, likikauka paka siku hiyo hiyo, usiache usiku upite katikati. Mwezi si hoja.

#28 MkaziWaMjimwema

Nitaanza na gata, ambalo hakuna aliyelipinga. Wakati fundi wa gata akifanya kazi yake, nitapaka viraka viwili vya majaribio, kimoja ndani ya mstari na kingine nje, na kabla ya kupaka nitaosha nusu ya kila kiraka kwa siki, kwa kuwa jirani anasema siki inasaidia rangi kushika.

#29 Mkemia_Mstaafu

Siki isuuzwe kwa maji mengi, kwa sababu asidi ikibaki inaendelea kula zinki. Na weka kiraka cha tatu upande wa chini wa bati, karibu na papi, maana hakuna aliyekushauri kupaka huko, na kama MamaKenchi yuko sahihi, huko ndiko kazi iliko.

#30 MamaKenchi

Kupaka upande wa chini bila kufumua bati kwenye papi utapaka kila mahali isipokuwa palipogusana. Hapo lazima ung'oe misumari.